Jenereta Isiyonguruma

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Tangazo limebandikwa kwenye nguzo: Ijumaa umeme hautakuwepo, asubuhi mpaka jioni. Msiba! Mayai kumi na mawili yamo kwenye mashine ya kutotolesha, yanatarajiwa kupasuka Jumapili. Si mayai hivi hivi. Ni ya mwisho ya ukoo wa kuku tuliokuja nao kapuni miaka thelathini na minne iliyopita, tulipoacha nyumba, shamba na makabati mawili ya vitabu. Mama yao alikufa mwezi jana. Yakipoa, ukoo umekwisha. Mke wangu kaniagiza nikachague jenereta ndogo, ya kubebeka. Kasema mara mbili niende na fundi. Fundi wa nini? Mimi nimesoma.

Jumanne, tarehe 4
Sharti langu ni moja: isipige kelele. Ni suala la heshima. Jirani yetu Karani, aliyestaafu mahakamani, ana jenereta inayokohoa kama lori mlimani, nami nimemwandikia barua tatu za malalamiko. Ya tatu ina aya tisa.
Dukani zilikuwepo tatu. Muuzaji akawasha mbili, simu yake ikalia, akatoka nje. Nikazikagua kwa sikio, mikono nyuma, kama daktari wodini. Ya kwanza: kelele. Ya pili: kelele zaidi. Ya tatu: kimya! Nikaweka kiganja juu yake. Haitetemeki hata kidogo! Muuzaji aliporudi akasema, mzee wangu, hiyo sijaiwasha bado. Nikacheka. Ujanja wao huo, wanataka uchukue ya bei kubwa. Nikamwambia mimi si wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Akasema haya, mzee kaamua.

Jumatano, tarehe 5
Nimevuta kamba uani. Lahaula! Vioo vya madirisha vilicheza. Paka wa Karani hajaonekana tangu saa nne. Mke wangu alitoka na mwiko mkononi, akaniuliza kwa ishara kama hii ndiyo ile ya kunong'ona. Nikamjibu kwa ishara kwamba bado inazoea mazingira.
Jioni ikaja barua ya Karani. Aya tisa. Barua yangu mwenyewe! Kabadilisha jina la mlalamikiwa tu. Kiswahili chake safi, lazima nikiri.

Alhamisi, tarehe 6
Dawa nimeipata. Jenereta itakaa nyuma ya banda, ivikwe godoro la wageni na blanketi mbili. Mke wangu kasema injini nayo inapumua. Nikamwambia hata mimi hulala gubigubi na sijafa. Kasema ndiyo, na bado nakoroma.

Ijumaa, tarehe 7
Saa tatu umeme ukaondoka. Nikawasha, nikaivika. Kelele ikashuka, ikashuka, kikaja kimya kitamu! Nikaita: Sikia! Mke wangu akasema anasikia, imezimika. Godoro lilikuwa linafuka moshi. Nikavuta kamba mara arobaini. Kamba ikabaki mkononi.
Karani akachungulia juu ya ukuta, akauliza kwa sauti ya mahakama kama aya ya saba ya barua yangu bado ina nguvu. Kisha akasema waya wake unafika mpaka kwetu. Nikasema hatuhitaji. Mke wangu akanishika mkono. Akasema mwili wa mtu una joto, twende chumbani, lala chali, usisogee, usimshauri mtu. Akanipangia mayai kumi na mawili mbavuni, akanifunika.
Nililala hivyo hadi magharibi. Jenereta ya Karani ilikohoa mchana kutwa. Nikaitunga barua ya nne kichwani. Kisha nikayasimulia mayai habari za kwao: mto, ngazi ya mawe, mlango wa buluu uliokwama kila masika. Sijapata wasikilizaji watulivu kiasi hicho. Nililia kidogo. Halikupasuka hata moja.

Jumapili, tarehe 9
Vifaranga kumi na mmoja! Ukoo umesimama! Mmoja ana kishungi kama cha bibi yake. Nikamweleza Karani kwamba kulalia mayai si kazi ya kila mtu. Akacheka mpaka akaushika ukuta. Akamuuliza mke wangu, shemeji, hujamwambia? Ndipo nikaambiwa. Mayai yetu hayakutoka kwenye mashine. Waya wa Karani ulipita dirisha la jikoni mpaka kwenye mashine tangu saa tatu na robo. Niliyoyalalia ni ya dukani. Mke wangu alitaka nitulie.
Nimetafakari sana wapi palipoharibika. Nimepaona. Godoro lilikuwa la sponji. Lingekuwa la pamba, tungekuwa tunazungumza mengine. Na yai moja la dukani nimelibakiza chini ya mto. Alfajiri nilihisi limegonga.
Kesho nakwenda kuchagua pampu ya kisima. Muuzaji anazo tatu. Nimemtumia salamu azipange zote mbele, aziwashe, aende akapige simu zake. Nitachukua ile isiyotoa sauti kabisa.