Wachezaji Watano wa Bodi ya Vidole

Jumanne moja mjini Kajiado, mbele ya hema mbili na spika tatu, ilitangazwa rasmi kwamba taifa limetoka katika zama za miguu na kuingia zama za vidole. Wananchi wakapiga makofi. Wengi walidhani ni habari ya mbolea, lakini makofi ni makofi.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Bodi ya Muda ya Uendelezaji, Uratibu na Usimamizi wa Michezo ya Vidole na Skrini. Vijana wa Kitengela walikuwa wameshindana kwa gemu ya mpira wa video miaka kumi bila bodi yoyote, na hapo ndipo penye tatizo: walikuwa wakifurahi ovyo ovyo, bila utaratibu. Mwenyekiti akateuliwa Mzee Parsaoti, mwenye ng'ombe wengi na maoni machache. Katibu akawa Wachira Kiama, ambaye kwa miaka kumi na minane alikuwa akitoa leseni za mikokoteni, na hakuna mkokoteni uliowahi kumtoroka.

Wachira aliipokea kazi kwa uso wa mtu aliyeitwa kuokoa nchi. Pad ya kuchezea hakuwahi kuishika. Alipoulizwa kuhusu hilo alijibu, "Kwani daktari wa uzazi ni lazima ajifungue?" na swali likafia hapo.

Miezi mitatu ya kwanza bodi ilifanya makubwa. Iliunda kamati ya kufafanua kidole gumba. Iliagiza kila mchezaji alete barua ya chifu, eksirei ya kifua, na vipimo vya vidole gumba vyote viwili, vikiwa vimekunjwa na vikiwa vimenyooka. Kisha Wachira akaandika Kanuni kwa mkono wake mwenyewe: kabla ya mashindano, kila mchezaji atakaa kambini siku kumi kwenye milima ya Ngong, kwa kuwa wakimbiaji wetu hufanya mazoezi milimani na hushinda. Kila alfajiri kilomita sita. Kushika pad ni marufuku, ili vidole visichoke mapema.

"Lakini mkubwa, hii gemu tunacheza tukiwa tumekaa," alisema Kavata.

Kavata alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, muuzaji katika duka la nafaka pale Kitengela, na mwaka huo kuanzia Kisaju mpaka Gataka hakuna aliyekuwa amemfunga hata mara moja.

"Mnakaa kwa sababu hamjaratibiwa," Wachira alimjibu.

Basi wakakimbia, maskini, mvua ikiwanyeshea.

Halafu barua ikaja. Nchi imealikwa kwenye Kombe la Mabara, mwenyeji ni Korea, na ipeleke majina matano ya wachezaji. Ilikuwa barua ya kurasa thelathini na moja. Bodi ilisoma ukurasa wa kwanza, ikafika kwenye neno Korea, ikaahirisha kikao ili wanachama wakatafute paspoti.

Hapa tuelewane. Wachira alikuwa na miaka hamsini na mitatu na hajawahi kupanda ndege. Waliokuwa chini yake kazini walishapanda. Hata yule wa leseni za mbwa alipelekwa Uholanzi kutazama mbwa wa huko! Kila ndege ilipopita juu ya Kitengela, Wachira alihisi anatukanwa yeye binafsi. Safari hii aliitaka kuliko mbingu, na kanisani alikuwa anaenda kila Jumapili kuulizia nafasi ya huko.

Majina matano, basi. La kwanza mwenyekiti, maana msafara hauwezi kwenda bila kichwa. La pili naibu wake. La tatu katibu. La nne mtunza vifaa, ambaye kwa bahati njema ni shemeji ya mwenyekiti. La tano mchungaji, kwa ajili ya maombi. Nafasi zikaisha, jambo la kusikitisha sana. Fomu ilipouliza kama mhusika ni mchezaji, Wachira alitia alama ya ndiyo mara tano, kwa kuwa haikuwa na mahali pa kuandika kiongozi.

Kesho yake Kavata alifika ofisini na vumbi la ndengu kwenye nywele.

"Mkubwa, naskia jina yangu imetolewa."

"Halijatolewa. Limehifadhiwa."

"Si mimi ndio namba moja? Nimekimbia huko Ngong mpaka nikatapika! Sasa nani atacheza?"

"Hilo ni suala la utekelezaji. Litaangaliwa tukifika."

"Aki mkubwa, hebu skiza. Ile barua nimesoma yote. Page ya kumi na tisa wanasema..."

Wachira alinyanyua mkono. "Umeisoma kwa idhini ya nani?"

"Iko kwa mtandao. Mtu yeyote anaweza soma."

"Mtu yeyote si bodi. Nyaraka za safari husomwa na wasafiri."

Kavata aligeukia mlango. Machozi yalimlengalenga, na hakutaka mzee yule ayaone. "Haya," alisema. "Mungu awatangulie." Akatoka. Wachira akafungua faili lake akaandika: Mchezaji huyu ana tabia ya kusoma.

Jumamosi Nduta, mkewe Wachira, alimfanyia mumewe sherehe ya kumsindikiza. Mbuzi wawili walichinjwa, kwaya ya akina mama ikaimba. Mchungaji aliliombea sanduku, akaiombea paspoti, akamwombea rubani ambaye bado hakujulikana ni nani. Ndugu walileta maagizo yao: viatu namba nane, simu mbili, na shangazi mmoja alitaka mbegu za viazi vya huko. Wachira alilia kidogo, kwa kiasi kinachokubalika kwa afisa wa ngazi yake.

Jumatatu aliwaandikia waandaaji kuulizia tiketi. Jibu lilikuja baada ya dakika nne, na hilo peke yake likamtia wasiwasi, kwa maana ofisi inayojiheshimu haijibu upesi hivyo. Tiketi za nini? Mashindano yanachezwa kwa mtandao, kila timu ikiwa kwao, kama ilivyoelezwa ukurasa wa kumi na tisa. Majina yamefungwa. Timu isiyotokea, nchi yake itafungiwa miaka minne.

"Sasa Korea iko wapi?" Mzee Parsaoti aliuliza kikaoni.

"Kwa skrini, mwenyekiti."

"Na sisi?"

"Kitengela."

Naibu akasema hakuna shida, kama watoto wanaweza basi wazee watashindwaje. Wachira akampigia Kavata simu, sauti ikiwa imelainika ghafla. "Kavata, binti yangu, njoo utufundishe kidogo."

"Siwezi, mkubwa. Zimebaki siku kumi, na Kanuni inasema wachezaji waende kambi. Hakuna kushika pad. Sahihi iko hapo chini ni yako."

Bodi ilitafuta mwanya wa kuikwepa Kanuni, ikakuta Wachira ameiandika vizuri mno. Nakala ilikuwa wizarani tayari, na wizara, ambayo haijawahi kutuma hata kiti, mara hii ikatuma mkaguzi mwenye kipenga. Kwa siku kumi wazee watano walipanda milima ya Ngong alfajiri. Mzee Parsaoti alikuwa hajakimbia tangu alipokuwa morani, shujaa kijana wa Kimaasai. Mchungaji alikimbia huku akikemea pepo ambao hakuwataja.

Siku ikafika. Ukumbi wa Kitengela ulijaa mpaka madirishani. Wapinzani walikuwa vijana wa Ureno, wenye adabu nzuri, ambao mwanzoni walidhani wazee hawa wamekuja kutoa hotuba. Mwenyekiti alishika pad juu chini akafungwa kumi na saba. Naibu akafungwa kumi na tisa. Wachira, kwa kupapasa papasa, aligundua kitufe cha kukimbia. Akauchukua mpira, akakimbia nao uwanja mzima, ukumbi ukasimama, watu wakapiga mayowe, naye akapiga shuti kwa nguvu zake zote. Goli. Lilikuwa kwenye lango lake mwenyewe.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kavata hakucheka. Alikaa safu ya tatu, vidole vyake vikihangaika juu ya mapaja, vikitoa pasi ambazo pale mbele hakuna aliyezitoa.

Mabao ya wote watano yalipofika themanini na moja kwa sifuri, simu ya wizara ikalia. Wachezaji hao watano walioliaibisha taifa wafungiwe maisha. Wasiguse mchezo huu tena, wasisogelee ofisi yake. Barua iwe tayari asubuhi, nakala kwa mlinzi wa langoni, na yatafutwe majina mapya, yanayoruhusiwa katika mchujo wa wiki ijayo wa timu zilizoshindwa.

"Andika haraka," mwenyekiti alimwambia Wachira. "Hao watu wametuvua nguo."

"Mwenyekiti, hao watu ni sisi."

"Acha ujinga. Wale ni wachezaji. Sisi ni bodi."

Wachira aliyapima maneno hayo akaona yana hekima ya utawala. Miaka yote hiyo hakuwahi kuona adhabu ikipanda ngazi kwenda juu. Akaandika barua, akaorodhesha majina matano, akatia sahihi, akapiga muhuri, akalala usingizi mzuri.

Asubuhi langoni alikuta soja mpya, Samuel, mwenye karatasi mkononi. Kavata alikuwa mbele yake na fomu ya wachezaji, jina lake likiwa la kwanza. Wizara ilikuwa imetafuta usiku kucha mtu mmoja aliyeisoma ile barua yote, ikampata yeye tu.

"Supa," Kavata alisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Pita, dada."

Wachira akamfuata. Samuel akamzuia kwa rungu.

"Jina?"

"Mimi ndiye Katibu."

"Nimeuliza jina, si kazi."

"Wachira Kiama."

Samuel alishuka na kidole kwenye karatasi. "Namba tatu. Huingii hapa maisha."

"Nani ameandika huu upuzi?"

Samuel aliisogeza karatasi machoni, akaisoma sahihi polepole, kisha akamtazama Wachira kwa huruma.

"Ni mtu wa jina lako kabisa," alisema. "Kwani nyumbani mnagombania shamba?"