Pointi za Ujana na Mbuzi wa Mjomba

Kasongo, Jumatatu tarehe 4 Agosti 2025

Nimeonewa. Tena na kompyuta! Fabrice, kijana mwenye kibanda cha intaneti pale sokoni, aliniingiza leo kwenye hesabu ya Kanada. Mambo yako hivi: ukitaka kuhamia kule moja kwa moja kama fundi, hawakuulizi wewe ni mtoto wa nani. Wanakupa pointi. Diplomu, pointi. Kifaransa, pointi. Kazi ya mikono, pointi. Hapo nilicheka, maana mimi ni sudere, fundi wa kuchomelea vyuma. Nusu ya pikipiki zinazokwenda Salamabila kwenye dhahabu zinatembea kwa sababu ya mkono wangu. (Fabrice anasema nusu nyingine zimelala njiani kwa sababu hiyo hiyo. Wivu.)

Kisha tukafika kwenye umri. Mwenye miaka ishirini na kitu anapewa pointi zote. Baada ya hapo wanapunguza, wanapunguza. Ukitimiza arobaini na tano: sufuri! Na mimi nazitimiza mwezi ujao.

Nilimwambia Fabrice labda anaisoma kutoka chini. Mtu akizidi kukua si ndiyo anazidi kujua? Akanijibu: Papa Muzaliwa, wale wanatafuta mutu wa kutumika miaka mingi, hawatafuti mutu wa kukata kesi.

Nchi gani hii, mtoto mbele na mkubwa nyuma? Lakini sawa. Kanada inataka kijana. Itapata kijana.

Jumatano tarehe 6

Mpango umeiva. Cheti cha kuzaliwa sina. Nani wa rika langu anacho? Ofisini wanakuandikia kwa ushahidi. Basi nitazaliwa upya, miaka kumi baadaye. Thelathini na minne! Nilijitazama kwenye kioo cha pikipiki ya mteja. Inawezekana. Nikivaa kofia.

Nilimweleza mke wangu Hidaya. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na alipiga hesabu bila kuacha kutwanga: mtoto wetu wa kwanza ana ishirini na miwili, kwa hiyo nilimzaa nikiwa na kumi na miwili. Akasema hakuna aliyemwambia siku ile kwamba anaolewa na mutoto wa shule. Angenifungia chakula cha mapumziko. Majirani walicheka ng'ambo ya ua.

Hidaya hana macho ya mbali.

Alhamisi tarehe 7

Karani wa ofisi, François, anataka shahidi wa ukoo aliyeniona nikizaliwa. Maana yake shahidi awe mkubwa kuliko mimi. Sikuwa nimelifikiria hilo. Lakini nani ameona zaidi ya mama? Nikaenda kwa Mama Aïcha.

Vibaya sana. Mama alisema alinizaa Nyangwe, kwa uchungu wa siku mbili, na hatamwambia Mungu kwamba siku zile alikuwa amepumzika. Nikamwomba aahirishe uchungu kwa miaka kumi tu. Akainua mwiko. Mama ana miaka sitini na mitatu na bado anakimbia.

Amebaki mdogo wangu Bulaimu, muuza vitenge. Yeye ana thelathini na tisa. Nikiwa na thelathini na minne, anatosha kabisa kuwa mkubwa wangu! Bulaimu huyu, maisha yake yote ananiita Yaya, kama inavyompasa mdogo kumwita mkubwa wake, na kila mara uso wake ni wa mtu anayemeza kinini, dawa chungu ya malaria. Nilitegemea ubishi. Alikubali kabla sijamaliza kusema.

Damu ni damu.

Ijumaa tarehe 8

Baada ya swala, ofisini. Bulaimu aliapa. Aliapa vizuri mno! Mkono juu ya Kitabu, akasema alikuwa na miaka mitano nilipozaliwa. Alinibeba mgongoni. Nilimkojolea shati jipya la Idi. Alinitafunia karanga kwa kuwa sikuwa na meno. François aliacha kuandika, akafuta jicho. Hata mimi niliguswa.

Karatasi ninayo. Ina mhuri. Mimi ni kijana!

Tulipotoka nje Bulaimu akaniita: Mudogo wangu, nibebee hii mufuko. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumapili tarehe 10

Chakula cha mchana kwa Mama. Nimekuta Bulaimu ameketi kwenye kiti cha marehemu baba. Kiti changu, tangu siku ya mazishi! Nikamwambia ainuke. Akauliza kwa sauti ya upole kama namtaka awe mwongo. Ameapa kwamba yeye ndiye mkubwa. Ameshika Kitabu. Sasa akiinuka, Mungu atamwelewaje?

Akaletwa kuku. Firigisi, kila mtu anajua, ni ya mkubwa wa nyumba. Bulaimu aliitafuna polepole, macho yake kwangu. Mimi nilipewa shingo, pamoja na watoto.

Nikisema neno moja, Bulaimu atakana kiapo, na Kanada inakufa. Kula, Bulaimu. Kule niendako firigisi wanatupia mbwa.

Jumanne tarehe 12

Balaa. Djamila, binti wa dada yetu Mwamvita, anaposwa. Watu wa mume wanatoka Salamabila Jumamosi na mahari, na mbuzi wa mjomba. Kwetu mjomba mkubwa ndiye anayeketi mbele, anashika kamba ya mbuzi, anasema: tumepokea. Asiposema, hakuna ndoa. Na aliyeshika kamba siku hiyo, ukoo mzima utamletea kesi zake mpaka afe. Hii siyo firigisi. Hii ni maisha!

Mwamvita alikuja kuniuliza awatajie wageni nani. Bulaimu amekwisha kununua koti. Nikamwendea na pendekezo la haki kabisa: awe mkubwa wangu ofisini, awe mdogo wangu nyumbani. Akasema umri siyo ndara, huuvui mlangoni. Kasoma wapi maneno haya?

Mwamvita alituambia sote wawili tuelewane mapema, la sivyo Jumamosi atamkalisha mbuzi kwenye kiti na sisi atatufunga kamba.

Jumamosi tarehe 16

Wageni walifika kwa pikipiki, wekundu kwa vumbi mpaka kope. Mbuzi mkubwa, mweusi, mdomo mweupe. Bulaimu mbele, ndani ya koti, anatoka jasho kama mtungi. Mimi kwenye benchi la vijana! Mmoja akaniambia: Sogea, mwenzetu.

Msemaji wao akasimama, akashika kamba, akauliza mjomba mkubwa ni yupi.

Bulaimu akakohoa. Mimi nikafikiria Kanada. Nyumba ya maji moto. Barabara bila matope. Watoto wetu na makoti yao mazito. Kisha nikaona kamba inasogea kwenda mkononi mwake, na mguu wangu ukasimama wenyewe.

Nikapiga kelele: ni mimi! Nina arobaini na minne, mwezi ujao arobaini na mitano! Huyu nilimuona akizaliwa! Nilitumwa maji mutoni, niliporudi nikamkuta amefika, analia vilevile kama atakavyolia leo!

Wote wakanigeukia. Hata mbuzi.

Upande wa wanawake Mama akainuka. Alisema uchungu wa siku mbili mtu hausahau. Wa kwanza ni yule pale, hata kama ni mujinga.

Vigelegele! Bulaimu akaachia kiti. Alininong'oneza kwamba ni mimi niliyemwomba aape. Kweli. Lakini sikumwomba ale firigisi. Nikaketi. Nikashika kamba. Nikasema: tumepokea. Sauti ilikwaruza kidogo. Vumbi la wale wageni.

Ndipo nikamwona François karani, katikati ya watu wa mume. Kumbe ni ndugu yao! Alikula kwanza. Wali, nyama, akaongeza. Akanawa mikono, akajifuta, akaja kuniomba ile karatasi ninayotembea nayo mfukoni. Akasema siku ya mahari hafungui kesi, ila machozi yake anayadai. Akaichana vipande vidogo vidogo.

Jumapili tarehe 17

Kanada imekufa. Fabrice ameifunga dosye, faili yangu ya safari. Sikulia. Wachomelee vyuma vyao wenyewe, tutaona milango yao itafungika vipi! Waliopoteza ni wao.

Shehe amempa Bulaimu adhabu ya kufunga siku tatu kwa kiapo chake cha uongo. Asubuhi alipita akaniita Yaya. Uso wa kinini. Nilimwomba arudie, sikusikia vizuri.

Mbuzi amekula glavu yangu moja ya kazi.

Jumanne tarehe 19

Fabrice ameniita. Kuna nchi, jina limemtoka, yenyewe inapenda wazee! Mwenye pensheni anapewa kukaa mpaka mwisho wa maisha. Habari ya pointi hakuna. Wanataka tu uwe umepita sitini na mitano.

Nimefikiri mchana kutwa. Nimechomelea stendi ya pikipiki upande usio wake. Sitini na sita! Pensheni nitaitafuta baadaye, kwanza uzee.

Hidaya tena na hesabu zake. Anasema nitakuwa mkubwa kuliko mama yangu mzazi. Ee, ndiyo! Ndiyo utamu wenyewe! Nikiwa Yaya wa Mama, Bulaimu atanitoa kwenye kiti kwa umri gani?

Kesho alfajiri nakwenda Lusangi. Nasikia kuna mzee pale hasikii vizuri, lakini akiombwa kuapa hakatai.