Meza Mbili za Mzee Ndaki

Habari yenyewe ilitoka kwenye simu ya Karasha, na kama habari zote zitokazo humo, ilifika kijiweni ikiwa imezidishwa chumvi. Mtaalamu mmoja wa utalii, alisema Karasha, ametangaza kwamba mtu akienda kutembea mjini asianze kutafuta mahali pa kulala. Aanze kutafuta mahali pa kula chakula cha jioni, kwa sababu kitanda husahaulika asubuhi, lakini chakula cha jioni kizuri mtu hukikumbuka mpaka kaburini.

Kijiwe hicho kipo Kalangalala, Geita, kwenye baraza ya duka la vipuri vya pampu ambalo mwenyewe alilifunga, akaenda kutafuta dhahabu, na hajarudi mpaka leo. Bashiri, mzaliwa wa Tabora, huuza kahawa upande wa kulia. Ghati, mama wa Kikurya mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe zizini, hukaanga chapati upande wa kushoto. Katikati kuna benchi, na juu ya benchi kuna wanaume wanaojua kila kitu. Karasha jina lake hasa ni Donatus. Ana mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na akizungumza husikika kama mashine yake. Masudi wanamwita Broka, kwa kuwa hununua dhahabu ya wachimbaji, na hajawahi kuamini neno la mtu bila kulitia kwenye mizani. Mwisho kabisa wa benchi hukaa Mzee Ndaki, ambaye wachimbaji walimwita Matimba, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa fundi wa kupanga magogo mashimoni ili ardhi isiwaangukie waliomo.

Bashiri alikuwa wa kwanza kumpinga mtaalamu. Alisema wahenga walishamaliza shauri hilo kabla simu hazijabuniwa: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Broka naye akasema chakula anachokikumbuka yeye ni kimoja tu, samaki wa njiani aliyemlaza wodini, na huyo kweli nusura amfikishe kaburini. Benchi lote likacheka.

Ndaki hakucheka. Alikuwa akikizungusha kikombe chake kama mtu aliyepoteza kitu ndani yake. Tangu enzi za mashimo alikuwa amemwahidi mkewe, Scolastika, kwamba siku akitoka huko chini na miguu yake yote miwili, watakwenda kutembea Mwanza kama watu wenye likizo. Alitoka na miguu yake. Watoto wakamaliza kuoa na kuolewa, wa mwisho akiwa Noela, na sasa daraja la Busisi limejengwa, kisingizio cha foleni ya kivuko kimekufa. Safari ilikuwa Jumamosi. Scolastika hakutaka kitenge wala simu. Alitaka jioni moja tu ale mahali ambapo hakuwasha moto yeye, na akikumbuke chakula hicho. Kisha akaongeza, kwa upole ule ambao Ndaki alikuwa akiuogopa kuliko kelele, kwamba akipelekwa kula ubwabwa wa stendi pamoja na makondakta, atapanda basi la Tinde kwa dada yake, na wajukuu watakaomtaka watamfuata huko.

Kwa hiyo Ndaki alikohoa, akauliza kama kwa bahati tu: mtu akiwa Mwanza, hoteli ya kukumbukwa ni ipi?

Ilikuwa kama kutupa kipande cha nyama katikati ya mbwa. Karasha akamshauri ampeleke mama kwenye hoteli ya juu ya mwamba, mtu anakula huku anaangalia ziwa. Broka akauliza huyo mama atashangaa nini, na amezaliwa Nkome, ambako ziwa lilikuwa linamfuata mpaka jikoni. Yeye Broka aliwahi kula kwenye hoteli ya ghorofani Dar es Salaam. Waliletewa sahani pana kama ungo wa kupepetea, na katikati yake kijichakula.

"Nikadhani ni sampuli," alisema Broka. "Nikamwambia mhudumu, mdogo wangu, haya ya maabara tumeyaona. Sasa leta mzigo."

Bashiri akatetea pilau, kwamba hoteli isiyonukia mpaka barabarani si hoteli, ni ofisi. Karasha, alipoona hoteli yake ya mwamba imeshindwa, akageuka akazishambulia hoteli zote. Alisema chakula cha kukumbukwa kipo nyumbani kwa kila mwanamume mwenye heshima zake: kuku wa kienyeji, ugali wa moto, na firigisi imekaa juu ya mchuzi wa baba kama kofia ya mtemi, huku shingo na miguu vikibaki jikoni kwa mama na watoto. Hoteli gani inaweza kupashinda hapo? Wanaume wote wakaitikia kwa vichwa. Hata Ndaki alijikuta anameza mate.

Ghati akageuza chapati yake. Akasema anaona wanahangaika na jina la hoteli, lakini hajasikia mtu akiuliza mzee na mama watakaaje.

"Baba Noela, umeshapiga simu kuweka nafasi?"

Ndaki akasema kwa fahari kidogo kwamba amepiga. Hakuwa mtu wa kwenda mahali kubahatisha. Hoteli mbili tatu alishaziulizia, na moja aliipenda kwa sababu binti wa mapokezi alimwamkia shikamoo kabla hajajitambulisha. Kilichomshangaza ni kwamba alipomwambia anahitaji meza mbili, yake na ya mkewe, yule binti alimuuliza kwa sauti ya chini kama wana ugomvi. Alipomjibu hawana, binti akamwambia asione aibu, wazee wengi huwatokea, na jioni hiyo hiyo kutakuwa na mchungaji mmoja aliyefikia pale, anaweza kukaa nao.

Broka alishuka kwenye benchi, akaketi chini kabisa, akashika mbavu. Bashiri alimwaga kahawa ya mteja. Karasha peke yake ndiye ambaye hakuona kichekesho. Aliuliza binti huyo ni kabila gani, kwa kuwa mtu mzima wa Kisukuma hula shikome, penye moto wa wanaume, na mama hula jikoni na watoto. Sasa hotelini hakuna shikome wala jiko la kuingia. Kama si meza mbili, ni nini?

"Gete, kweli kabisa," alisema Ndaki. "Ndivyo nilivyowaza."

Ghati akaitoa chapati motoni. "Baba Noela, umewahi kumwona mama akila?"

Ndaki alitaka kujibu mara moja. Swali lilikuwa jepesi mno. Alirudi nyuma kulitafutia jibu. Siku ya harusi bibi harusi alikuwa amefunikwa. Shambani alikula na watoto, upande wa pili wa kichuguu. Alipougua, walimnywesha uji dada zake. Alimwona akilima, akijifungua nusura iwe njiani, akimzika mama yake, akimkaripia mwenyekiti wa kitongoji mbele za watu. Lakini akila? Hakujua hata hutafunia upande gani. Alijua kila gogo lililokuwa shimoni, lipi limeoza na lipi litabeba, na hilo dogo hakulijua.

Broka, ambaye huwa hana huruma na mtu aliyeanguka, akasema basi mzee asibadilishe kitu, maana ukimwona mwanamke anakula utajua ni kiasi gani ulikuwa unamnyima. Karasha akamwonya kwamba mwanamume akikaa meza moja na mkewe hadharani, kesho ataombwa kumenya vitunguu. Ndaki aliweka kikombe chini, akamtaka Bashiri amsaidie kuitafuta ile namba kwenye simu. Akapiga mbele yao wote. Akamwambia yule binti afute meza moja. Wakasikia binti akishusha pumzi, akisema Mungu ni mwema.

Ndaki aliporudi kutoka Mwanza, wiki iliyofuata, benchi lilikuwa limejaa mapema kuliko kawaida. Watu ambao hawanywi kahawa walikuwa wamenunua kahawa. Ndaki aliwaamkia mwangaluka, akakaa mahali pake, akanywa kikombe kizima bila neno, mpaka Broka akamwambia kama ni mazishi waambiwe wachange.

Basi akawasimulia. Kitambaa cha meza kilikuwa cheupe kiasi kwamba aliogopa kuweka mikono. Mhudumu aliwasha mshumaa ilhali umeme ulikuwepo, na Scolastika akauzima, akisema si vizuri kuharibu kitu cha watu. Kisha mhudumu akamkabidhi mama orodha ya vyakula kwanza, kabla ya baba. Hapo Karasha aliguna. Scolastika aliivaa miwani, akaipitia orodha yote kwa kidole, polepole, kama anayesoma somo kanisani. Kidole kikasimama. Akaagiza firigisi za kukaanga, sahani nzima.

"Sahani nzima ya firigisi?" aliuliza Karasha.

"Mjini wanaziuza hivyo. Zinakuja nyingi, zimerundikana kama kokoto."

Mhudumu alipomgeukia yeye, Ndaki hakuhitaji kufikiri. Alisema na yeye aletewe hizo hizo, kama alivyoletewa maisha yake yote. Mhudumu akaenda jikoni, akarudi akiinama. Samahani mzee, zimekwisha. Zilizobaki amechukua mama.

Benchi likamsogelea. Ndaki aliendelea kueleza, sasa akiangalia mikono yake. Mkewe alikula moja moja, bila haraka, akitafunia upande wa kushoto. Yeye alikuwa akingoja. Alijua kwamba mke mwema lazima atamsogezea walau moja, pembeni ya sahani. Zikabaki tano, zikabaki mbili, na ile ya mwisho Scolastika akaizungusha kwenye mchuzi huku akimtazama mumewe usoni, akaila. Akafuta mdomo. Ndipo akasema neno lake la kwanza tangu chakula kije.

"Miaka yote, baba Noela, nimekuwa nikionja chumvi yake tu."

Ghati akatia chapati nyingine kwenye mafuta. Karasha akajikaza, akasema jambo hilo ni mwiko, mwanamke akila firigisi huleta mkosi nyumbani, wazee walikataza. Ghati hakuinua hata uso.

"Wazee gani, Karasha? Hao hao waliokuwa wanaila?"

Karasha alitafuta jibu kwenye simu yake, simu haikuwa nalo. Alikumbuka kwamba mashine inamngoja. Wale wasiokunywa kahawa nao wakakumbuka kwamba hawanywi kahawa. Broka alisimama, akakung'uta suruali, akasema kwake leo amechinjwa jogoo, hivyo anawahi.

"Unawahi kumwachia mkeo," aliuliza Ghati, "au unawahi kuila?"

Broka akasema haya mambo yamekuzwa bure, mla ni mla leo, mla jana kala nini?

"Firigisi," alisema Ndaki.

Broka akaondoka bila kuaga. Bashiri alimimina kahawa iliyobaki kwenye birika, akampelekea mzee kwa mikono miwili. Akauliza kama mama alipanda basi la Tinde. Ndaki akasema hapana, yuko nyumbani, na tangu warudi anaimba akifagia. Bashiri hakuondoka, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo watu wote hawa walisahau kuuliza.

"Na wewe, mzee, uliletewa nini?"

Ndaki alikunywa kahawa mpaka machicha.

"Shingo."