Ukuta Usio na X

Jumatatu, 9 Juni 2025. Kasulu.

Wewe uliyefungua daftari hili, nakusihi kwa jina la mama yako: usimsomee mtu hata mstari mmoja. Kazi yangu imo humu. Bado niko kwenye majaribio, na wiki ijayo bosi Nestori anaamua kama nithibitishwe mimi au karani mwenzangu Saady.

Nimeonewa! Mwezi uliopita ofisi ilinikabidhi kopo la rangi nyekundu nipige X ya kubomolewa kila jengo lililoingia hifadhi ya barabara. Nilipiga. Yote. Isipokuwa mgahawa wa shangazi Esteri, aliyenilea. Nani angegundua? Leo napita kwa Mama Consolée, yule aliyetoka Uvira, Kongo, miaka ya tisini, anayechora mji wetu kwenye mabamba ya zinki na kuyachapa karatasini kwa mashine kuukuu ya kukamua miwa. Kwenye kamba ameanika karatasi. Mtaa mzima, X kila ukuta, na mimi nanywa chai, brashi mkononi, mbele ya ukuta msafi!

Ijumaa anaonyesha picha zake ukumbi wa parokia. Mgeni rasmi: bosi. Kwani kunywa chai ni kosa?

Jumanne, 10 Juni.

Nimeiiba ile karatasi. Nimeichoma jikoni kwa shangazi. Akauliza nachoma nini, nikasema barua ya mapenzi. Amefurahi mno. Ameshaanza kuniulizia binti wa kuoa kule Buhigwe.

Jumatano, 11 Juni.

Picha ileile kwenye kamba. Tatu! Mama Consolée akanieleza, bila kuulizwa, kwamba bamba moja hutoa karatasi hata hamsini. Hizi tatu zinakwenda kwa watu wa mashirika kule kambi ya wakimbizi Nduta. Ya ukumbini ataichapa Ijumaa asubuhi. Mimi, mwenye diploma ya utunzaji kumbukumbu, nimesahau kwamba duniani kuna nakala!

Nikamshauri kwa upole amfute yule mwenye brashi, anaharibu mandhari. Akasema anampenda hivyohivyo. Kiburi gani hiki?

Alhamisi, 12 Juni.

Mama Consolée alipokwenda mazoezi ya kwaya niliingia kwake dirishani na msumari. Picha kwenye bamba imegeuka, kulia ni kushoto, nilihangaika kujitafuta. Nikajipata. Nikajikwaruza uso, kifua, miguu, mpaka nikawa sipo. Zinki pale ilimetameta. Nimelala usingizi wa mtoto.

Ijumaa, 13 Juni.

Nimekwisha.

Picha nzima ni mistari myembamba kama unywele, na katikati limesimama dude jeusi tii, kama sufuria la msibani na vishikio vyake viwili. Ukumbi mzima umelizunguka. Saady, kwa sauti ya kwaya, akauliza mbona ukuta ulio nyuma ya lile dude ndio pekee usio na X. Bosi akavaa miwani.

Mama Consolée hakukasirika hata kidogo. Akawaeleza kuwa kuna mtu kalikwaruza bamba lake. "Mukwaruzo unakamata wino," akasema. "Ukichimba sana, inatoka nyeusi sana. Na mutu mwenye alikuwa hapa nilimuchora kadogo sawa punje ya dengu. Hata mimi sikumujua ni nani."

Nilikuwa naunyemelea mlango pale shangazi aliposimama, kitenge kipya, fahari tupu.

"Mimi namjua. Masikio hayo ni ya mwana wanje, huyu niliyemlea. Ndiye aliyeniachia mgahawa wangu, Mungu ambariki."

Nilisahau masikio.

Jumatatu, 16 Juni.

Saady amethibitishwa. Mimi majaribio tena, miezi sita, na barua ya kujieleza. Leo nimepiga X mgahawa wa shangazi, bosi akishuhudia. Shangazi alinipa chai bila sukari, akaingia ndani kufunga vyombo. Binti wa Buhigwe hauliziwi tena.

Ng'ambo ya barabara, Mama Consolée juu ya kigoda, bamba jipya magotini. Ananichora nikipiga X huku nikipangusa machozi. Safari hii ananichora mkubwa!

Picha hiyo haitapita. Kosa lilikuwa msumari, chombo cha washamba. Sasa nitatumia msasa, ule mkali kabisa, bamba zima, kutoka pembe hadi pembe.

Ukiwa nao, uniletee masjala, dirisha la pili kutoka mlangoni, saa saba wenzangu wakiwa wanakula. Usitaje jina langu. Sema umeleta faili la viwanja vya Murungu. Nitajifanya sikujui, wewe pitisha tu.