Kikwembe Ambacho Hakikuinuliwa

Kasongo, Jumatatu asubuhi

Kwa Papa Sylvestre,
Mwenyekiti wa Kamati ya Sinema, salle, yaani ukumbi wa parokia

Papa muheshimiwa,

Nakusalimu kwa magoti, ingawa ni kwa karatasi tu. Mimi ni Feza, binti wa Mama Cécilia, yule msichana wa magongo mawili anayekaa karibu na mlango. Mbele ya watu mdomo wangu ni mzito, ndiyo maana naandika. Nimechagua Kiswahili kwa sababu kwa Kifaransa ningekuwa na adabu kupita kiasi.

Nalalamika juu ya filamu ya jana, ile ya mwalimu asiyetembea na mke wake.

1. Wote tunajua kazi yako: watu wakikaribiana kwenye filamu, unainua kikwembe, kile kitenge cha mkeo Mama Marie-Jeanne, na kufunika picha mpaka hatari ipite. Jana, mdogo wa mwalimu alipombusu mchumba wake, ulikimbia mpaka ukakanyaga mutoto wa watu. Vema. Lakini mwalimu mwenyewe, katika kigari chake, alipombusu mkewe, ulibaki umeketi unatafuna karanga. Ukatuambia, "Muache tu, huyo anasaidiwa."

Papa, walibusiana muda wa Baba Yetu mbili. Wamama wakasema maskini. Mimi niliona vizuri kwamba hasaidiwi. Nililia, nusu kwa uzuri wa filamu, nusu kwa kile kikwembe kilichokunjwa magotini pako.

2. Ugonjwa huohuo uko kwetu nyumbani. Pitchou akija kumuona dada yangu Emmanuella, anawekwa nje juani, na bibi anaketi katikati yao kama mpaka wa shamba. Magloire, kijana naye, akija kunifundisha hesabu, tunaachwa ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya mbuzi, na mama anakwenda shambani mpaka saa kumi. Jirani alipouliza kama haogopi, mama alicheka: "Feza? Huyo iko mutoto wa Mungu." Nina miaka kumi na saba. Emmanuella naye ni mutoto wa nani?

3. Huyo acteur aliyekuwa mwalimu aliigiza vizuri mno, na hilo ni kosa lake. Majina ya mwisho wa filamu yalipokwisha, walionyesha namna filamu ilivyotengenezwa, naye akainuka kwenye kigari akaenda kuchukua kahawa. Salle nzima ilipiga vigelegele. Mama Cadette alianzisha wimbo wa muujiza. Leo alfajiri amekuja kwetu na wamama watatu, wakaninyang'anya magongo ili nijaribu na mimi. Nilianguka kwenye mihogo iliyoanikwa. Wakasema imani yangu bado ni kidogo.

Kwa hiyo naomba: kikwembe kiinuliwe kwa kila busu, la mwenye miguu na la asiye nayo. Waigizaji wa namna hiyo wabaki wameketi mpaka watu wa Kasongo wafike nyumbani. Itangazwe Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa, kwamba Feza naye ni wa kushukiwa. Na Kamati ituletee mzee mmoja wa kuketi kati yangu na Magloire. Awe na kikohozi kikali.

Nisalimie Mama Marie-Jeanne, kijana wa jenereta, wajumbe wote wa Kamati, na yule mutoto uliyemkanyaga.

Mimi binti yako mwenye heshima na hasira,

Feza

N.B. Papa, barua hii ilikuwa bado haijafungwa Magloire alipofika. Tafadhali usiisome kanisani, na huyo mzee apumzike kwanza kwake. Leo Magloire amenishika mkono, akausahau hapo. Mama amerudi ghafla kuchukua jembe, ametuona, na amemshukuru sana kwa kunisaidia kusimama. Nilikuwa nimeketi.