Kijani Kipigwe Marufuku Ili Ninyolewe

Mauke, Visiwa vya Cook

Kwa Mheshimiwa Meya na Baraza lote la Kisiwa,

Naomba nianze kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi aliyenilea. Mimi siwezi kutofautisha nyekundu na kijani. Kwangu zote ni rangi moja, inayokaribia udongo ulionyeshewa. Nakueleza wewe kwa kuwa naamini siri iliyosomwa katika mkutano wa Baraza iko salama, hakuna anayehudhuria.

Jina langu ni Nooroa. Nina miaka kumi na mitano na nywele zangu hazijawahi kukatwa. Mheshimiwa unaijua desturi: mvulana hunyolewa mbele ya ukoo mzima, ameketi kwenye kiti kilichofunikwa tivaevae yake, mfarishi wa maua ya kupachika ulioshonwa na akina mama wa kwao. Wenzangu walinyolewa wangali na meno ya utoto. Mimi nimepata nafasi katika shule ya kisiwa kikuu, Rarotonga, na Bibi ameshasema sipandi ndege na nywele hizi. Kunyolewa bila mfarishi haiwezekani. Na mfarishi haushoneki, kwa sababu rangi hazijakubalika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bibi yangu, Mama Tepaeru, ambaye ndiye fundi wa kukata maua, anataka maua mekundu juu ya kitambaa cha kijani. Wifi yake, Mama Ngapoko, anataka maua ya kijani juu ya kitambaa chekundu. Wote wawili huniuliza mimi kila siku, nami kwa moyo safi huwakubalia wote wawili, kwa kuwa naona wanasema kitu kimoja. Kwa hiyo naitwa kigeugeu. Mama Ngapoko husema, "Mtoto huyu kalelewa na Tepaeru, ndiyo maana hana msimamo." Bibi hujibu, "Angalau mimi nimelea, wifi. Wewe umelea paka, naye amehama."

2. Kuhusu ukingo wa mfarishi, wamekubaliana uwe na rangi ya bahari ya ndani ya mwamba. Hawajakubaliana ni rangi gani hiyo. Basi huenda ufukweni na vipande vya kitambaa ili wahakikishe, na wakifika wingu hupita. "Unaona? Samawati!" "Samawati gani, wewe mwanamke? Ngoja wingu liondoke!" Wingu likiondoka, lingine huwa limeshafika. Naomba Baraza litangaze rasmi rangi ya bahari, na bahari ijulishwe.

3. Kichwa changu kimegeuzwa ubao wa majaribio. Kila kitambaa kipya hubandikwa juu ya nywele zangu ili ionekane kama "kinamnyanyua uso". Jumapili iliyopita nilikaa kanisani ibada nzima nikiwa na pini nne na kipande cha zambarau kisogoni, na hakuna aliyeniambia, kwani kila mtu alidhani ni makusudi. Zaidi ya hayo, nilipokuwa nikisoma nyuma ya nyumba, nguruwe wa Mama Ngapoko alitafuna ncha ya msuko wangu pamoja na kitambaa kilichobandikwa hapo. Mama Ngapoko alisema hiyo ni ishara kwamba nguruwe anaunga mkono kijani.

4. Madhara sasa yamevuka ukuta wa nyumba yetu. Kikundi cha akina mama washonaji hakianzi mfarishi mwingine kabla ya kumaliza wangu, kwa hiyo wadogo zangu wa jirani nao wanafuga nywele. Timu ya raga ya watoto haiuoni mpira. Hata Mzee Rongo, mgonjwa wa siku nyingi, mfarishi wake wa kuzikwa nao uko nyuma ya wangu kwenye foleni. Ameniambia mwenyewe: "Mjukuu wangu, mimi nilikuwa niende tangu mwaka jana. Lakini nikazikwe na shuka la hospitali kama mtu asiye na ndugu? Nangoja." Mheshimiwa, kisiwani mwetu mtu ameahirisha kifo kwa sababu ya ukingo wa samawati. Waswahili wa vitabuni husema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Tembo hatuna, ila nyasi ninazo mimi, zimefika kiunoni.

5. Kwa hayo naomba, kwa unyenyekevu, kijani kipigwe marufuku. Kianze kuondolewa madukani, kisha kwenye vikapu vya kushonea, na mwisho kwenye miti. Natambua kuwa miti ni mingi. Niko tayari kusaidia baada ya masomo, ingawa itabidi mtu anionyeshe ipi ni ya kijani.

Nawasalimu Mama Meya na watoto, madiwani wote, mchungaji, na karani wenu aliyeniazima kamusi ambayo bado ninayo. Salamu pia kwa nguruwe, kama mtamwona. Sina kinyongo naye.

Ni mimi mtiifu, mwenye nywele,
Nooroa

Nyongeza: Nilikuwa sijaifunga barua hii Bibi aliponiita nishike pembe ya kitambaa. Walikuwa wametandika maua mekundu juu ya kijani kwa majaribio, wakaniuliza naonaje. Nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Bibi, mimi sioni ua lolote. Naona shuka." Mama Ngapoko akarudi nyuma mpaka mlangoni, akafumba jicho nusu. "Wifi! Njoo hapa. Fumba hivi. Ua limezama!" Bibi akafumba. "Uuu! Giza juu ya giza! Tungemtia mtoto aibu mbele ya ukoo." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Jioni hiyohiyo wakachagua njano nyepesi juu ya zambarau iliyokolea, ambayo hata mimi naiona vizuri kutoka kwenye tangi la maji kule uani.

Tangu hapo hawajagombana. Wanashona haraka, kimya. Siku ya karamu imepangwa na tiketi ya ndege imekatwa. Vitabu vyangu vyote nimevisomea chini ya meza yao, wao wakirushiana maneno juu yangu, na sasa naisikia sindano ikipita kwenye kitambaa na sielewi ninachosoma. Jana Bibi alitia uzi kwenye sindano, akasema bila kuniangalia, "Rarotonga usiku kuna baridi," akaendelea kushona.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tafadhali usifanye lolote. Kijani kiachwe kilipo.

Leo asubuhi niliweka kitabu chini, nikagusa ua moja na kusema, "Mama Ngapoko, hii njano si imekolea kidogo?" Mama Ngapoko akatua sindano. "Nilisema mimi! Nilisema!" Bibi akauliza ni nani aliyesema, na lini, na mbele ya shahidi gani. Nikawaacha wakitafuta viatu waende kuitazama bahari, nikapanda baiskeli kwenda kumwomba Mzee Rongo avumilie kidogo.