Pipa la Vijidudu Wanene

Povu alikuwa kwenye kibanda cha juisi ya miwa, bilauri mkononi, alipoona vitu viwili: lundo la makapi ya miwa ambalo hakuna aliyelitaka, na ng'ambo ya barabara, Mama Vifungashio amejiinamia mbele ya duka lake tupu. Plastiki ilikuwa imepigwa marufuku. Mtu mwingine angeona makapi na huzuni. Povu aliona kiwanda.

Kesho yake akamwendea, akajiita daktari, na koti, viatu vya ngozi vinavyolia kwii-kwii, na pipa.

"Mama, humu mna vijidudu," akasema kwa sauti ya msibani. "Ukiwalisha makapi wananenepa, na unene wao ndio plastiki. Hiyo ukiitupa inaoza yenyewe. Serikali haina neno."

Hapo, tuelewane, hakusema uongo. Vijidudu wa namna hiyo wapo, na wataalamu wanawafuga. Povu alikuwa mkweli kila ilipomfaa. Ila wa kwake aliwachota mtaroni nyuma ya gereji, akawakoroga na sukari.

"Na vikombe vinatokaje?" akauliza shemeji yake mama, fundi baiskeli, mtu asiyeamini mvua mpaka alowe.

"Vinajiumba, shemeji."

Povu akakunja mkono wa koti, akazamisha mkono, akatoa kikombe cheupe kinachochuruzika tope. Tangu asubuhi kilikuwa chini ya pipa, kimefungwa kwenye jiwe kwa uzi wa bluu, alioufumua kwenye bitana ya koti lake.

Mama Vifungashio alikipokea kama mjukuu mchanga. Tamaa ikampanda mpaka kwenye kilemba. Fedha hakuwa nayo. Alikuwa na pikapu aliyoachiwa na marehemu mumewe, ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na watoto wa dada yake.

"Pikapu? Hapana, mama, siwezi kuichukua," akasema Povu, huku amenyoosha mkono kupokea ufunguo.

Pipa likalishwa, likakorogwa, likabembelezwa. Likanuka. Kikombe hakikuja. Shemeji akalimwaga uani, na chini kabisa akakuta jiwe lenye uzi. Mama Vifungashio akalia waziwazi, akajitukana mwenyewe, akanawa uso.

"Shemeji," akasema, "usilitupe hilo jiwe. Na pipa lijaze tena."

Povu alikuwa upande wa pili wa mji, anabebea watu magodoro kwa pikapu, aliposikia habari kwa muuza kahawa. "Kuna mama anavuna vikombe kwenye pipa! Watu wamepanga foleni!"

Kahawa ikampalia. Kumbe yale matope yalikuwa na kipaji! Naye ameyatoa kwa pikapu isiyo na kioo cha pembeni! Kwa uchungu wa kweli kabisa, Povu alihisi ametapeliwa.

Akaondoa gari mbio. Foleni aliikuta. Wote walikuwa watoto wa dada na majirani, lakini yeye angewajulia wapi?

"Daktari! Ubarikiwe," akasema Mama Vifungashio. Akazamisha mkono, akatoa kikombe. Kinyozi hajinyoi: Povu, aliyeishi kwa mchezo huo huo, hakuutafuta uzi.

"Mama, hawa vijidudu wanaumwa. Niwarudishe kwangu."

"Wanaumwa? Mbona wanazaa?"

"Ndiyo dalili yenyewe."

Mama akahema, akalipapasa pipa. "Basi nirudishie pikapu yangu."

Ufunguo ukatoka.

"Na viatu," akasema shemeji.

"Viatu vya nini?"

"Vinanitosha."

Povu akavivua upesi, wasije wakabadili mawazo. Akapakia pipa kwenye mkokoteni, akalisukuma peku hadi chumbani kwake. Akawapa vijidudu sukari. Akawaimbia. Wapi! Mwisho akazamisha mkono mpaka begani, akapapasa, akagusa kitu kizito. Akakivuta juu taratibu.

Jiwe. Na uzi wa bluu.

Akaketi kitandani, akaligeuza geuza koti lake mpaka akapaona pale alipoufumua. Alitaka kulia, akaona haya, maana hakukuwa na wa kumlaumu.

Mlango ukagongwa. Baba mwenye nyumba akachungulia, ameshika pua.

"Kitu gani kinanuka humu?"

"Kiwanda, baba."

"Kinatengeneza nini?"

"Vikombe."

Mwenye nyumba akalitazama pipa. Akaitazama miguu ya Povu.

"Na viatu," akauliza, "kitaanza lini?"